Pindo la Nyasi

Jumapili, 6 Machi

Daktari wa macho amesema tuandike kila siku tunavyotia matone, asije mtu akasahau. Basi karani ni mimi. Asubuhi: yametiwa. Jioni: yametiwa. Mvua: bado, lakini joto la leo si la bure.

Daftari ni kubwa na matone ni mara mbili tu kwa siku, kwa hiyo nafasi inayobaki nitaijaza na mengine. Mimi ni fundi cherehani, sijazoea kutupa kitambaa.

Leo Mwalimu kamwambia binti yetu kwenye simu aje mvua zikiisha, auchukue mfuko wa fimbo zake za gofu awapelekee watoto wanaojifunza pale uwanjani. Kasema hivyo hivyo, kama mtu anayeagiza chumvi. Mwalimu ni mke wangu. Alifundisha hesabu mpaka akastaafu, nami nimemwita Mwalimu miaka yote hii, naye huniita Fundi. Wanaotusikia hudhani tumekutana jana sokoni.

Presha ya macho imemla pembeni. Anaona mbele tu, na hiyo mbele yenyewe ni ya kuchungulia tundu la ufunguo. "Nikiuona mpira, shimo limepotea," aliniambia siku aliyorudi uwanjani mara ya mwisho. "Nikilitafuta shimo, mpira umepotea. Sasa nicheze nini?"

Gofu mimi sijawahi kuielewa. Watu wazima na akili zao wanakifuata kimpira cheupe, wakikipata wanakipiga tena kiende mbali. Lakini tangu aache kwenda, Mwalimu anakaa kwenye kiti cha dirishani kuanzia chai ya asubuhi mpaka chakula cha mchana, mikono mapajani. Mwanamke aliyekuwa haketi! Naogopa, jamani. Fimbo zile zikitoka mlangoni, sidhani kama yule wa kwenye kiti atainuka tena.

Jumanne, 8 Machi

Matone: asubuhi na jioni. Mvua: manyunyu.

Nilikwenda kwa muuza mazulia kumpelekea suruali zake mbili za kupunguza kiuno, nikakuta kasimamisha jora la nyasi bandia. Si zile ndefu za kutandika kwenye baa. Hizi fupi, zimebana, ukizipapasa zinalala upande mmoja kama mahameli. Akasema ndizo wanazotandika watu wa gofu nyumbani, wakafanya kiwanja kidogo cha kusukumia mpira shimoni. Sijui nini kilinipanda kichwani. Nimerudi nalo begani, watu wote wa mtaa wananiangalia.

"Umeleta nini kinachonuka mpira?" Mwalimu akauliza kabla sijalitua.

"Nyasi."

"Nyasi zinanuka mpira?"

"Hizi za kisasa."

Yule mwanamke hesabu yake haichelewi. "Fundi," akasema, "mimi sitaki kuhurumiwa."

"Nani anakuhurumia? Nataka uniondokee hapo dirishani. Unanizibia mwanga, nashindwa kutunga uzi."

Hakucheka.

Jumamosi, 12 Machi

Matone yametiwa. Mvua: jana usiku, nzito kiasi.

Uwanja wetu wa nyuma si mkubwa: unatoka mlango wa jikoni, unapita chini ya kamba ya nguo, unafika kwenye tangi la maji, basi, umekutana na ukuta. Udongo wake ni ule wa mfinyanzi. Kiangazi unapasuka kama kisigino cha mtembea peku. Masika unavuta kiatu mpaka unakiacha.

Amekuja shemeji yangu, mdogo wake Mwalimu, fundi bomba. Ni mtu mwema, sikatai, ila mdomo wake hauna koki. Nilikuwa nimeinama na jembe, yeye kasimama na chai yangu mkononi.

"Shemeji, udongo huu haunywi maji," akasema. "Chimba uende chini. Mwaga kokoto. Laza bomba lenye matundu, halafu upe mteremko kidogo kuelekea mtaroni."

"Kwako wewe kila kitu ni bomba."

"Na kwako kila kitu ni suruali. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Mkuu ni mimi hapa!"

"Ndiyo maana guu litakuwa lako."

Nimemwambia nitamwaga mchanga, nitausawazisha kwa pima maji, nitatandika, nimemaliza. Kitu cha kutandikwa kinataka kulala sawasawa. Kitanda hakina mteremko.

Jumapili, 13 Machi

Matone yametiwa. Mvua: hakuna. Mgongo umenikamata, nimeandika nimelala.

Jumamosi, 19 Machi

Matone yametiwa. Mvua: kila jioni, fupi.

Mchanga umekaa. Nimeupiga ubao, nimeupitisha pima maji huku na huku, kile kipovu kimetulia katikati kama kimelala usingizi. Shimo nalo nimelichimba, nikatia kopo la maziwa ya unga.

Kilichoninyima raha ni kingo. Muuza mazulia alikata kwa kisu, zimebaki wazi, vinyasi vinachungulia. Miaka yote nimewafundisha vijana wa dukani kwamba nguo isiyo na pindo ni kitambaa tu kilichopotea njia. Sasa mimi nitandike kitu cha ukingo mbichi nyumbani kwangu, kwa mke wangu? Nimechukua shazia, ile sindano nene ya magunia, na uzi wa nailoni, nimeanza kuukunja ukingo kwa chini, vidole viwili, mzunguko mzima.

"Unashona nini huko barazani?" Mwalimu akauliza. "Sindano inalia kama unashona kiatu."

"Kazi ya watu."

Jumapili, 27 Machi

Matone yametiwa. Mvua: hakuna, Mungu ametupa nafasi.

Nimetandika! Limelala kimya, limenyooka, kila upande una pindo lake. Nilisimama mlangoni nikalitazama kama bwana harusi aliyevaa koti la kwanza. Nikaenda kumwita Mwalimu.

"Nimesikia ukishangilia," akasema kutoka kwenye kiti. "Hongera."

Hakuinuka. Nimeumia, sitaficha. Vidole vyangu vyote vimetoboka kwa sababu yake, halafu hongera, kama naambiwa na mteja anayepita dukani.

Jumatano, 30 Machi

Matone yametiwa. Mvua. Mwalimu hataki kutoka.

Jumamosi, 2 Aprili

Matone ya asubuhi yametiwa, ila baada ya vurugu.

Mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi nikafungua mlango wa jikoni, nikakuta bwawa. Loo! Maji yamesimama juu ya nyasi zangu, na pembeni lile pindo limeyazuia barabara, hata tone halitoroki. Mshono haukuachia popote. Katikati, pale kwenye shimo, amekaa chura kama mwenye nyumba.

Shemeji naye alichagua asubuhi hiyo hiyo kuja kurudisha jembe aliloazima kwangu.

"Shemeji, hongera," akasema. "Umejenga birika."

"Nenda zako."

"Niende wapi? Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge." Akavua viatu, akakunja suruali. Nilitamani kumpiga na pima maji.

Tukashika ukingo tuunyanyue maji yatoke. Chini yake udongo umevimba, mchanga umekimbilia upande mmoja. Nikavuta kwa hasira, mguu ukateleza, nikakaa kitako ndani ya maji, puu! Chura akaruka. Shemeji akapiga ukelele.

Mwalimu akatokea mlangoni, peku, mkono ukutani. "Nani kaanguka?"

"Mumeo," shemeji akajibu.

"Kavunjika?"

"Heshima tu, dada."

Nilidhani atarudi ndani. Badala yake akateremsha mguu mmoja, akaupima, akateremsha wa pili. Tope lilimfika kwenye vifundo. Akatembea taratibu akiburuta nyayo, mpaka kidole gumba kikagota ukingoni. Akasimama. Akaufuata ukingo hatua kadhaa kwa kidole hicho hicho, kama mtu anayesoma mstari.

"Fundi."

"Naam."

"Hiki nini?"

"Ukingo."

"Ukingo najua. Mbona umekunjwa?"

Maji yalikuwa yanaingia mfukoni.

"Fundi, umeishonea nyasi pindo?"

"Ulitaka niache ukingo wazi ufumuke?"

"Plastiki! Ifumuke!"

Akaanza kucheka. Kwanza kwa pua, halafu kwa mabega, halafu akamshika mdogo wake asianguke, machozi yanamtoka. "Kaipiga pindo! Jamani, mume wangu kaipiga pindo nyasi!" Shemeji akacheka kwa sababu dada yake anacheka. Mimi nimekaa majini, nguo imenigandama, nina hasira za kutosha, na papo hapo nikatamani ningekuwa na pindo jingine mahali alikute. Kicheko kile kilikuwa kimehama nyumba hii.

Alipotulia akasema, "Na hapa katikati pamedidimia. Pale kwenye tangi pamevimba. Hamkuona?"

Tukatazamana, mimi na shemeji. Hatukuona.

"Uwanjani tulikuwa tunasoma ardhi kwa miguu," akasema. "Mteremko mdogo macho hayaupati. Toeni hili zulia. Mtaanza upya, na mara hii mtanisikiliza mimi."

Jumapili, 3 Aprili

Matone yametiwa. Mvua. Kiti cha dirishani kimekaa tupu mchana kutwa. Nimekijaza nguo za wateja kabla hajabadilisha mawazo.

Jumamosi, 9 Aprili

Matone yametiwa. Mvua: asubuhi tu.

Wiki nzima tumechimba. Huu si udongo, ni ugomvi. Ukiuchota unang'ang'ania jembe, ukiutupa unarudi na mkono wako. Tumefika kina cha magoti, tumemwaga kokoto kubwa, tumelaza bomba la matundu lielekee mtaroni, juu kokoto ndogo, juu yake vumbi la mawe. Halafu kushindilia. Kila tabaka likishashindiliwa, Mwalimu anaingia peku, mimi nimemshika mkono wa kushoto, anapita na kurudi. "Hapa ongeza. Hapa umebonyea. Hapa mmelala usingizi." Kokoto zinamchoma, anasema wewe endelea.

Shemeji amekuja kila siku baada ya kazi zake. Nimemchukulia miaka yote kama redio isiyozimika, lakini dada yake akiwa juu ya kokoto, yule bwana haongei. Anatembea nyuma yake nusu hatua, mikono ameitanua, tayari kumdaka. Leo tulipokuwa tunaosha majembe nikamwambia ahsante.

"Huyu ndiye aliyenifundisha kujumlisha," akasema. "Darasani sikuelewa kitu. Nyumbani akanishika vidole, kimoja kimoja, mpaka nikaelewa." Akageukia tangi, akajifanya anakaza koki ambayo haikuvuja. Nami nikajifanya sijaona. Kisha akasema, "Shemeji, ungenisikiliza tangu mwanzo tungekuwa tumemaliza," nikajua amepona.

Jumamosi, 16 Aprili

Matone yametiwa. Mvua: kutwa.

Hakuna kazi ya aibu kwa fundi kama kufumua. Nimekaa barazani nafumua pindo langu mwenyewe, na kwa sababu lilishonwa na mtu anayejua kushona, halifumuki. Mwalimu amekaa kando yangu, anashika ukingo, anatafuta nyuzi kwa ncha za vidole kabla sijaziona, ananiambia hapa, kata. Tumekwenda hivyo mpaka giza.

"Sikujua unaweza kuniudhi na kunifurahisha kwa kitu kimoja," akasema.

Nikamwambia wateja wangu wote wanasema hivyo.

Jumapili, 24 Aprili

Matone yametiwa. Mvua: kubwa, na tuliipokea kwa shangwe.

Tulitandika jana. Mara hii lina mteremko, kidogo tu, na nyasi zinalalia shimoni. Leo mvua ilipoanza, sisi watatu tukasimama chini ya mwavuli mmoja mlangoni. Maji yakapiga, yakaingia, yakapotea. Baada ya muda tukasikia bomba linamwaga kule mtaroni.

"Sikia linavyokojoa," Mwalimu akasema. Shemeji akanipiga begani mpaka nikakohoa.

Jumapili, 1 Mei

Matone yametiwa. Mvua: hakuna.

Siku mbaya. Naandika kwa kirefu ili nijue nilipokosea.

Mwalimu aliitoa ile fimbo fupi ya kusukumia. Akasimama, akauweka mpira mguuni. Mimi nilipiga magoti kwenye shimo, nikawa nagonga kopo kwa mkasi ili asikie liliko. Akapiga. Mpira ukapita mbali.

"Karibu!" nikasema.

Akapiga tena. Ukaishia njiani. "Karibu sana!"

Wa tatu ukaenda ukutani kabisa, na mimi, mjinga, nikasema, "Aa, huo umekosa kidogo tu."

Akaishusha fimbo. "Fundi, umewahi kumpima mtu suruali ukamwambia kiuno chako ni karibu?"

"La."

"Basi mbona mimi unanishonea kwa karibu? Nimesikia mpira umegonga ukuta. Nimepoteza macho, masikio yapo."

"Sikutaka uvunjike moyo."

"Ndiyo huko kuhurumiwa nilikokukataza."

Akaingia ndani. Akautoa mfuko wa fimbo chumbani, akausimamisha karibu na mlango wa mbele, tayari kwa binti. Ile fupi akairudisha ndani yake. Chakula alikula, matone alikubali, basi.

Jumatatu, 2 Mei

Matone yametiwa. Mvua: manyunyu.

Baada ya chai nilitoa ile fimbo fupi kwenye mfuko, nikamwekea mapajani. Nikachukua futi yangu, nikaivaa shingoni kama niko dukani. "Mteja," nikamwambia, "njoo tupime."

Akaipapasa fimbo mpaka mwisho wake. Halafu akainuka.

Mpira wa kwanza nikanyoosha futi kutoka shimoni. "Kushoto, inchi ishirini na mbili. Umezidi inchi kumi."

"Ishirini na mbili!" akasema, uso umefunguka kama nimemsifu. "Ngoja."

Wa pili: kushoto, inchi kumi na tano. Wa tatu: kushoto, kumi na moja. Ni mwalimu wa hesabu yule. Mpe namba, atajua la kuifanya.

Jumamosi, 7 Mei

Matone yametiwa. Mvua zinaaga. Mwalimu bado hajaingiza hata mpira mmoja shimoni. Magoti yangu yameota sugu, nimeishonea suruali vitambaa vya ndani. Jana alikosa kwa inchi tatu akatukana, naye hatukani.

Mfuko bado uko mlangoni. Sijauliza, naogopa jibu.

Jumamosi, 14 Mei

Matone yametiwa. Mvua: hakuna. Jua.

Binti amefika. Akamkumbatia mama yake, akaona mfuko, akasema, "Mama, una hakika?"

"Njoo kwanza huku nyuma," Mwalimu akasema. "Simama pale kwenye tangi, na usipige kelele."

Nikapiga magoti. Nikagonga kopo.

Wa kwanza: "Kushoto, inchi tisa."

Wa pili: "Kushoto, inchi nne. Haukufika, bado inchi mbili."

"Baba!" binti akasema. "Si ungemwambia tu karibu?"

"Usiseme karibu!" tukamjibu wote wawili, mimi na mama yake, kwa mpigo.

Mwalimu akakanyaga nyasi kwa nyayo, akasogeza kisigino, akatega sikio. Nikagonga mara mbili. Akapiga. Mpira ukaja taratibu, ukaushika mteremko, ukapinda. Nikatoa mkono. Kopo likalia.

Binti kafunika mdomo.

"Fundi," Mwalimu akasema. "Inchi ngapi?"

Nikaingiza vidole ndani ya kopo, nikaugusa mpira.

"Nimekuuliza inchi ngapi."

"Hakuna," nikasema. "Hakuna inchi, Mwalimu."

"Basi andika hivyo kwenye daftari lako."

Naandika. Hakuna inchi.

Binti ameondoka na mfuko. Mwalimu mwenyewe alimfungia zipu. "Hizi ni za kupeleka mpira mbali," akamwambia. "Wape watoto, wao wana pa kwenda." Alipounyanyua, binti akasema mbona mwepesi. Mama yake akasema umepungua fimbo moja.

Jumapili, 15 Mei

Matone ya asubuhi yametiwa. Mvua: imekwisha.

Tulitoka baada ya chai ya jioni, tukasema mipira michache tu. Giza likatukuta huko huko. Nikamwambia, "Mwalimu, tuingie. Silioni tena shimo."

"Wewe hulioni?"

"Silioni."

Akanijia kwa kufuata sauti. Akanipokonya mkasi, akanipa fimbo, akapiga magoti yeye pale shimoni kwa kupapasa, akaanza kugonga kopo.

"Haya piga," akasema. "Mimi niko hapa, nitakuambia."

Sijawahi kupiga mpira kwa ile fimbo maishani. Nikausikiliza mkasi, nikapiga. Mpira ukatoweka gizani. Nikasimama kama mtoto anayesubiri kusahihishiwa.

"Kulia," akasema. "Inchi sita."

Nikaenda na futi, nikapima kwa vidole. Zilikuwa sita.

Matone ya jioni yamechelewa. Daktari akiuliza, nitamwambia tulikuwa tunacheza.